Kugeuza hoko kwenye kona ya Kyoto

Mkienda Gion Matsuri, tamasha la jiji la Kyoto, Japani, tarehe 17 Julai, msihangaike na mapambo tu. Simameni makutano ya Shijo na Kawaramachi. Hoko kubwa, yaani gari refu la tamasha linalovutwa na watu kwa kamba, ina uzito wa tani 12 hivi, kimo cha mita 25 hadi ncha ya mlingoti, na magurudumu ya mbao yasiyo na usukani. Itapindaje kona?

Wanatandika mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu ya mbele, wanaimwagia maji, kisha wavutaji wanahamia ubavuni na kuvuta kamba kwa mpigo mmoja. Wenye vipepeo vya kujipepea waliosimama juu ya gari, upande wa mbele, ndio wanaotoa mpigo. Hoko inateleza kidogo, inasimama, mianzi inapangwa upya. Mara nyingi mivuto mitatu inatosha. Mwanzi ukikauka, gurudumu linagoma. Wakivuta bila kupatana, nguvu inapotea.

Kiunzi chake hakipigiliwi misumari, kinafungwa kwa kamba za majani ya mpunga. Tazameni vifundo kwa karibu siku za kuundwa, kuanzia tarehe 10: vimebana, ila vinaruhusu mbao zicheze kidogo, ndiyo maana mtikisiko wa barabarani hauzipasui. Ufundi mtupu!