Mithu

Jana binti yangu karudi shule na daftari la Kiswahili lina duara jekundu. Aliandika, "Bibi alitia mithu kwenye mchuzi." Mwalimu kalizungushia neno la tatu kalamu nyekundu, na pembeni kaandika kwa herufi kubwa: CHUMVI.

"Mama, kwani mithu si Kiswahili?"

Nilikuwa nimeinama kwenye karai, bajia za kwanza za jioni zinapanda juu. Nikamwambia mwalimu yuko sahihi, shuleni aandike chumvi. "Na nyumbani?" Nyumbani tutasema alivyosema babu. "Babu kalitoa wapi?" Hapo nikaziepua zile bajia kabla hazijakolea, nikamwambia ale kwanza, nitamweleza. Alikula, akasinzia palepale mkekani. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Jibu lake liko kwenye safari ya kumpeleka baba India kutibiwa moyo. Ilikuwa Julai 2018, Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat, mvua inanyesha na kukatika, na ikikatika joto linapanda kutoka chini. Upasuaji wa moyo ulipangwa Alhamisi. Hadi Jumanne nilikuwa nimemaliza siku tisa bila kuona kitu zaidi ya korido za hospitali na duka la dawa lililo mkabala. Baba ndiye aliyenifukuza.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "hapa unanihesabia pumzi. Nenda katembee mjini. Uniangalizie wenzangu wanavyokaanga."

Wenzake. Alikuwa amelazwa na mipira mkononi na bado alijihesabu mtu wa kazi.

Ili mnielewe, lazima niseme habari ya glasi. Baba aliingia akiwa na miaka 14 kwenye duka la vitafunio la tajiri mmoja wa Kigujarati pale Tanga, kuosha masufuria. Akakaa miaka 11. Mwisho alikuwa yeye ndiye anayekaanga, lakini rojo la bajia lililetwa likiwa tayari, kutoka ndani, na ndani hakuingia mfanyakazi. Siku aliyoaga hakupewa kiinua mgongo. Tajiri alimwingiza jikoni, akafunga mlango, akajaza maji glasi ya kunywea, akachota rojo kwa ncha za vidole na kulidondosha. Tone likazama. Akalipiga rojo kwa mkono muda mrefu, akadondosha jingine, likaelea. Akamwambia baba: likizama, bajia yako itakuwa jiwe, likielea, itakuwa pamba. Hii ni siri ya nyumba yetu, nakupa wewe.

Kwa malipo hayo baba alifungua jiko lake Ngamiani, palepale Tanga, na kwa glasi hiyo akatusomesha wanne. Nyuma ya meza alitundika khanga kuukuu iwe pazia, na jaribio la maji alilifanyia huko, mgongo kwa wateja. Wauzaji wenzake wakimuuliza mbona bajia zake ni nyepesi, anawajibu ni mkono tu. Sisi watoto tulikuwa tunajua, na tulijua hatusemi.

Basi jioni ya Jumanne nikaenda. Mwenye nyumba niliyopanga chumba aliniunganisha na kijana anayetembeza wageni usiku kwenye vyakula vya mtaani, kwa miguu, ndani ya mji mkongwe. Tulikuwa sita: mume na mke kutoka Uholanzi, wanafunzi watatu wa Delhi, na mimi. Tulikutana saa moja usiku mbele ya msikiti wa Sidi Saiyyed, na kijana alianza na mimi. Alisema msikiti huu ulikamilika 1573, na aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa mtu wa asili ya Habeshi, yaani Mwafrika, na jina lenyewe la Sidi ndilo wanaloitwa watu wa asili yetu waliobaki Gujarat mpaka leo, na ngoma yao wanaiita goma. Kisha akatuonyesha dirisha la mawe: mti mzima umechongwa humo, matawi yamepindana kama ukili kwenye mkeka, na taa ya ndani inapenya kati ya majani. Nilitamani kukaa hapo. Lakini njaa za watu ni njaa, tukaondoka.

Tukapita chini ya Teen Darwaza, lango la matao matatu lililojengwa zama za Sultani Ahmed Shah, aliyeuasisi mji huu 1411. Kwenye tundu la ukuta kuna taa ndogo. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Lakshmi, mungu wa kike wa neema kwa Wahindu, alifika langoni akitaka kuuhama mji. Mlinzi, Mwislamu, akamwomba asubiri mpaka akachukue ruhusa kwa sultani. Akaenda, na huko akakatwa kichwa kwa hiari yake, asirudi, ili ahadi ya kusubiri isiishe na neema isitoke. Taa ile huwashwa na familia ya Kiislamu mpaka leo. Mvua ilikuwa imeanza tena, tukasikiliza tukiwa tumejibanza chini ya tao.

Kwenye uchochoro wa Bhatiyar Gali tulikula nyama: mishikaki, na supu ya miguu iliyolala kwenye moto tangu asubuhi. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema zaidi ya hapo, maana akili yangu ilikuwa mbele, kwenye mafuta.

Tulipofika kwa mzee wa dalwada niliijua harufu kabla sijaona jiko. Lilikuwa toroli la magurudumu manne chini ya turubai ya bluu, foleni imezunguka kona, kwa sababu Ahmedabad mvua ikidondoka kila mtu anataka dalwada. Kijana akatueleza: bhajiya kwao ni slesi ya kiazi au kitunguu iliyochovywa kwenye unga wa dengu, zile wanazokaanga Wakenya. Kachori yao ni ya unga wa ngano, imejazwa ndani. Ile yetu ya kiazi wao huiita batata vada. Na hiki ambacho mimi tangu nizaliwe naita bajia, cha mbegu zilizolowekwa na kusagwa na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, jina lake ni dalwada. Tofauti ni kwamba wao wanasaga choroko, sisi kunde. Nilisimama na mwavuli nikiyapanga upya majina ya vitu vilivyonilea.

Yule mzee alikuwa amevaa fulana nyeupe, mikono imejaa makovu madogo meupe ya mafuta, kama ya baba, kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Mbele yake sufuria la rojo. Aliliingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo na kulipiga, kwa duara, akilinyanyua kutoka chini na kulishusha, na lile rojo likawa linabadilika rangi mbele yetu, kijani likififia kuelekea weupe kadiri hewa ilivyoingia. Sauti ilikuwa ileile. Mtu akinifunga kitambaa machoni ningesema niko Ngamiani, saa kumi alasiri, na baba hajaanza kuuza.

Kisha akavuta kikombe cha chuma kilichojaa maji, akakiweka ukingoni mwa toroli, upande wa wateja. Akachota kwa ncha za vidole. Akadondosha. Tone likaenda chini nusu, likasita, likapanda, likaelea.

Hakuficha. Alikiinua kabisa kile kikombe ili yule mama wa Kiholanzi apige picha vizuri. Kijana akasema kwa Kiingereza kwamba kila mkaangaji anafanya hivi, na kina mama majumbani pia, kwamba hata yeye mama yake humtuma kuleta bakuli la maji. Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilishika nguzo ya turubai. Nilikuwa naiona khanga kuukuu, ile ya bluu yenye maua ya korosho, na mgongo wa baba nyuma yake. Miaka 11 ya kazi. Kitu kilicholipia miaka hiyo kilikuwa hapa barabarani, kwenye kikombe, bure kwa yeyote mwenye macho.

Mzee akaonja rojo kwa ulimi, akakunja uso, akapaza sauti bila kugeuka: "Mithu!"

Aliyekuwa akiitwa alikuwa mjukuu wake, upande wa pili, anapima dalwada kwenye mizani kwa wateja. Lakini kopo la chumvi lilikuwa karibu nami, na mkono wangu ulikwisha kwenda. Sikuwaza. Nililichukua nikampa, mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mzima. Mzee akatia kidogo kwa ncha za vidole, akarudisha kopo kwangu, na hapo ndipo akaniona.

Wale wanafunzi wa Delhi walishangaa, kwa sababu kwa Kihindi neno linalofanana na hilo maana yake ni tamu, na wao wangetafuta sukari. Kwa Kigujarati ndilo jina la chumvi. Mimi nilikuwa na miaka 36 na sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni neno la nyumbani kwetu, kama vile kila nyumba ina jina lake la mwiko mkubwa.

Mzee akasema kitu. Kijana akanitafsiria: "Anauliza nani kakufundisha."

"Baba yangu."

"Baba yako wa wapi?"

Nikasema Tanga. Hakupajua. Akajaribu: "Mombasa? Nairobi?" Nikamwambia jirani na Mombasa, chini kidogo. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, ile ya kwao ya kukubali, akakaanga mkupuo mzima bila kusema tena. Alizidondosha kwa vidole vitatu, kidole gumba kikisukuma, na kila tone liliingia kwenye mafuta bila kurusha hata chembe. Zilipoiva akajaza gazeti, akaweka na pilipili mbichi zilizokaangwa na kitunguu, akafunga kwa uzi. Nilipotoa pesa akaurudisha mkono wangu. Kwa baba, alisema, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Tulimalizia Manek Chowk, ule uwanja ambao asubuhi ni soko, mchana ni wa masonara, na kuanzia kama saa tatu na nusu usiku maduka ya dhahabu yakishafungwa meza za chakula zinatandazwa mbele ya milango yao. Wenzangu walikula dosa, kulfi, na mkate wa nanasi na jibini. Mimi nilishika kifurushi changu, kikinipasha joto tumboni.

Baba alikuwa macho. Kabla sijavua viatu akasema, "Umeleta."

Nikamkumbusha daktari. Akasema hali, anataka kuona. Akachukua moja, akaipasua, akaisogeza kwenye taa ya kitandani akayaangalia yale matundu ya ndani kwa muda. Akainusa.

"Choroko. Wameacha maganda kidogo. Wanapiga kwa mkono?"

"Kwa mkono, baba."

"Mafuta ya karanga?"

"Kwa harufu, ndiyo."

Nikamsimulia habari ya mithu, jinsi mkono wangu ulivyokwenda wenyewe. Alicheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja. "Sasa wewe ulifikiri nimelitunga mimi?" Muuguzi alipotoka, akanyamaza. Akairudisha ile dalwada kwenye gazeti, nusu na nusu, akazipanga zikakaa kama nzima.

"Na maji?" akauliza.

"Maji gani, baba?"

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Tangu nizaliwe sikuwa nimemdanganya usoni. Alinitazama, si kwa ukali. Kisha akasema, "Vizuri," akageukia ukutani.

Alhamisi ilipita salama. Aliishi miaka mitatu zaidi, na mitatu hiyo namshukuru Mungu kwa kila siku yake. Miezi mitano baada ya kurudi alianza tena kukaanga, saa moja tu jioni, akiwa amekaa kwenye stuli. Siku ya kwanza alimwita kaka, akamwambia ateremshe ile khanga. Alisema inamzuia hewa, na daktari kasisitiza apate hewa. Ilikuwa kweli, daktari alisema hivyo, nilikuwepo. Glasi akaiweka mezani, mbele, pale pale watu wanapoegemeza viwiko. Watoto wa mtaa wakawa wanagombania zamu ya kudondosha.

Sikumuuliza. Nilikuwa na miaka mitatu ya kumuuliza.

Leo asubuhi, nikimsuka, binti yangu kaanza tena: babu kalitoa wapi? Nimemweleza ya mzee wa fulana nyeupe, ya kopo la chumvi, ya mkono wangu. Kaipenda, kasema atamsimulia mwalimu. Akauliza kama babu alifurahi nilipomwambia. Nikamwambia alicheka mpaka mashine ikalia. Ya glasi sijamwambia bado. Kila nikianza, sijui nianzie kwenye ile khanga ilipotundikwa au ilipoteremshwa.