Siku moja kwenye wodi ya figo: kabla ya unga, uliza choo

Saa 12:30 asubuhi. Napokea zamu. Mzee wa kitanda cha dirishani potasiamu yake imepanda hadi 6.4, kiwango cha hatari kwa moyo, na mashine za kusafisha damu zimejaa mpaka mchana. Ameandikiwa ule unga wa kushusha potasiamu (sodium polystyrene sulfonate), gramu 15.

Saa 1:15. Unga nimeshaukoroga kwenye maji. Unakaa kama mchanga mlaini. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Namuuliza choo. Kimya. Mtu mzima haulizwi choo mbele ya wodi nzima, kwa hiyo navuta pazia. "Tangu Ijumaa," ananong'ona. Leo Jumatatu. Tumbo limejaa na ni gumu. Kikombe nakiweka pembeni, namwita daktari.

Unga huu umekuwepo tangu miaka ya 1950. Hauingii kwenye damu: unabaki tumboni, unatoa sodiamu na kunasa potasiamu, kisha unatoka na choo. Sasa kama choo hakitoki? Unagandamana na kuziba njia, na kwa wachache utumbo mpana hupata vidonda, hata kuoza na kutoboka. Zamani ulichanganywa na sobitoli ili mtu aharishe; mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri mchanganyiko huo uachwe, kwa sababu hiyohiyo ya kuoza utumbo. Na wagonjwa wetu ndio hao: maji wanapimiwa, matunda mengi wamekatazwa, vidonge vya madini ya chuma kila siku. Wasifunge choo kwa nini?

Saa 2. Kipimo cha umeme wa moyo, halafu insulini na glukosi kwenye mshipa, kushusha potasiamu kwa muda. Picha ya tumbo haionyeshi kuziba. Daktari anaufuta unga, anaandika laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Daktari mwanafunzi anapendekeza enema ya fosfeti, dawa ya maji inayoingizwa njia ya haja kubwa. Namwambia taratibu kwamba figo hizi haziwezi kuitoa hiyo fosfeti.

Saa 5. Nafasi imepatikana, mzee yuko kwenye mashine. Saa nne za kukaa na kulalamikia mpira wa miguu.

Saa 9:30. Amepata choo, hakina damu, na tumbo haliumi. Hayo mawili nitayauliza tena kesho.

Saa 10. Mkewe anaingia na madafu mawili, kaambiwa yanalainisha choo. "Mama, dafu limejaa potasiamu." Anamtazama mumewe, anamtazama mjukuu. Mjukuu kayamaliza yote mawili palepale.