Daktari alipomgeukia mama

Siku majibu ya kipimo cha uvimbe wa titi yalipotoka, tuliingia kwa daktari watoto watatu pamoja na mama, na kabla hajaketi vizuri kaka yetu mkubwa alimwomba daktari, kwa Kiingereza ambacho mama hakijui, azungumze nasi tu, kwa kuwa mama ana shinikizo la damu na habari ya saratani ingemmaliza. Nilimuunga mkono kaka, nikiamini kwamba kumficha mzazi habari mbaya ni kumpenda.

Daktari alitusikiliza, kisha akasogeza kiti chake karibu na mama na kumwambia kwa Kiswahili: "Shikamoo, mama. Majibu yako yametoka. Ungependa nikueleze mbele ya watoto wako, tuzungumze sisi wawili, au umteue mmoja wao ayapokee kwa niaba yako?" Swali hilo la mwisho bado nalifikiria, maana lilimwachia mama hata haki ya kutojua, mradi aichague mwenyewe.

"Niambie mimi," akasema. "Nao wasikie."

Baadaye nilikisoma kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017. Mgonjwa anapaswa kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Sheria inaruhusu kumficha mgonjwa hali yake iwapo kuna ushahidi mzito kwamba kumwambia kutakuwa kinyume na maslahi yake. Sisi hatukuwa na ushahidi wowote, tulikuwa na hofu yetu. Najua kwamba katika jamaa zetu ugonjwa wa mmoja ni wa nyumba nzima, na watoto ndio wanaochanga fedha za matibabu. Hata hivyo, anayelipa anaweza kushauri, lakini mwili unabaki kuwa wa mgonjwa.

Wala sahihi kwenye fomu haitoshi. Mwezi wa Novemba 2014, Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kwamba wanawake watatu wenye VVU walifungwa kizazi bila ridhaa ya kweli, ingawa hospitali zilitegemea fomu za idhini, kwa sababu walizitia sahihi wakiwa katika uchungu wa kuzaa. Mtu aliye katika hali ile hana nafasi ya kuelewa, kuuliza na kukataa.

Mama aliuliza mengi: kama titi lote lingeondolewa, angelala wodini siku ngapi, na nini kingetokea akikataa upasuaji. Daktari alimjibu moja baada ya jingine, akamweleza wazi hatari ya kuchelewa. Mama akaomba siku nne ashauriane na dada yake kijijini, wala si nasi, nasi tukanyamaza. Siku ya tano alirudi, akaomba asomewe fomu yote tangu mwanzo, akamsimamisha msomaji mara mbili ili aulize, ndipo akaandika jina lake.