Nywele za Ndani ya Nyumba: Nilivyoishi na Kemo Nikiwa Amu

Tangu daktari aliposema nitaanza kemo, zile dawa kali za saratani, neno nililoambiwa zaidi ni hili: "Wewe wajitanda, nani ataona?" Majirani waliniambia, wauguzi waliniambia, hata wanawake wa bara niliokaa nao kwenye viti vya dripu kule Mombasa waliona nina bahati kuwa na buibui na ushungi. Wote walitaka kunifariji, nami nawapenda kwa hilo. Lakini mwanamke wa Amu, yaani Lamu, anajua kwamba nywele zake hazikuwa za barabarani hata siku moja. Ni za ndani. Ni za mume, za watoto, za dada na mashoga, yaani marafiki wake wa kike, za arusini milango ikishafungwa. Baada ya kukoga hufukizwa udi, hupakwa mafuta ya nazi, jioni hutiwa asmini. Kwa hiyo zangu zilipoanguka, zilianguka mahali pale pale zilipokuwa na kazi. Huko nje kweli hakuna aliyejua, na hilo halikunisaidia chochote nikiwa chumbani kwangu.

Saratani yangu ilikuwa ya titi la kushoto. Nilipasuliwa kwanza, nikapumzika mpaka kidonda kikapona, ndipo kemo ikaanza. Dawa za mwanzo zilikuwa mbili zinazotiwa siku moja, doksorubisini na saiklofosfamaidi, kila baada ya siku 21. Ile doksorubisini ni nyekundu, na mkojo hutoka na wekundu siku hiyo na pengine ya pili yake. Muuguzi alinitahadharisha mapema. Asingenambia ningedhani ni damu, nikalia usiku kucha.

Muuguzi huyo huyo alinieleza jambo lililonituliza kuliko maneno yote ya kuliwaza. Dawa hizi huwinda seli zinazogawanyika kwa kasi, na saratani ni mojawapo. Lakini mizizi ya nywele nayo hugawanyika kwa kasi, na utando wa kinywa, na wa matumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Dawa haibagui. Toka hapo, nikiona nywele kwenye mto, au kidonda ulimini, au nikichoka kwa kupanda ngazi tu, nilijua yote yana asili moja, wala si kwamba mwili unavunjika kila upande kwa ugonjwa mpya.

Nywele kwa kawaida huanza kuondoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Zangu zilifuata kanuni hiyo. Kilichotangulia ni maumivu: ngozi ya kichwa iliwaka kama niliyesukwa msuko wa kubana mno. Nikitia udhu, kupaka maji kichwani kuliuma, na mkono ulirudi na nywele. Bafuni zilizonga tundu la maji. Nilizoea kuziokota kabla watoto hawajaingia.

Mamangu ndiye aliyekata shauri. Alikuja asubuhi, akakaa barazani, akaniita: "Ndoo (njoo), mwanangu, tuzitoe yeo (leo). Usingoje zikuage moja moja." Nilikuwa nimekwisha kuuliza hospitali, wakaniambia nitumie mashine ya kunyolea na si wembe, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu ni mlango wa vijidudu kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka. Kaka yangu akatuletea mashine. Mama alinyoa mwenyewe, polepole, akisoma anachokisoma. Nywele alizikusanya kwenye kitambaa akaenda kuzifukia, kama tulivyofunzwa kwamba nywele za mtu hazitupwi ovyo. Sikumuuliza wapi.

Mume wangu nilimwambia siku mbili kabla, kwa makusudi, ili asije akashtuka mlangoni. Nashauri hivyo kwa kila aliye na mume. Watu wengi husema usimwonyeshe, jifunge hata ukilala. Mimi sikuweza kuishi najificha katika nyumba yangu, na joto la kaskazi halikuruhusu pia. Usiku ule nilivua leso. Akaniangalia, akanishika kichwa kwa viganja viwili, akasema kina moto, akaniuliza kama nataka maji. Basi. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, nilimwachia apapase mpaka akachoka, na baada ya hapo hakuwa na habari nacho tena. Yule mkubwa wa kike ndiye aliyenihangaisha, maana alinyamaza. Nilimpa kazi: kila jioni anipake kichwani mafuta ya nazi yasiyo manukato, kwa sababu ngozi ilikauka na kuwasha. Mikono yake ilipozoea kichwa changu, ulimi nao ukafunguka.

Kuhusu kujifunika, kuna mambo madogo ambayo hakuna mtu aliniambia. Mtandio wa shifoni hauketi kwenye kichwa kisicho nywele. Huteleza, nawe barabarani wabaki kuushika kwa mkono mmoja na kapu kwa mwingine. Dawa yake ni kofia ya pamba inayobana kidogo, ndipo mtandio uje juu yake. Shona kadhaa, kwa sababu jasho halisubiri. Nyumbani leso iliyofuliwa mara nyingi ndiyo laini kuliko yote. Kofia za nailoni zinawasha, ziache. Wigi nililetewa na shoga yangu kutoka Mombasa, kwa mapenzi makubwa, lakini kwetu wengi hatukubali kuunga nywele, na nilipomuuliza mwalimu aliyenisomesha chuo cha Kurani, moyo wangu ulikuwa umekwisha kuamua. Nilimrudishia shoga yangu kwa shukrani. Mwingine ataamua vingine, na sina neno naye.

Mtihani hasa ulikuwa arusi ya binti wa dadangu. Siku ya kumtazama bibi arusi wanawake huvua mabuibui, na kila mmoja ana nywele zake zimetengenezwa, asmini zimesukwa, chumba kizima chanukia. Niliwaza kutokwenda. Lakini yule mtoto nimemlea mimi. Dadangu akaja nyumbani na kipande cha hariri ya rangi moja na nguo yangu, akanifunga kilemba juu ya kofia ya pamba ili kisiteleze, akapachika vikuba viwili, vile vishada vya maua ya kunukia, pembeni. Wakati huo nilikuwa nimeingia dawa ya awamu ya pili, na nyusi na kope nazo zilikuwa zimekwenda. Nyusi zilichorwa kwa penseli mpya ambayo haijatumiwa na mtu, sharti hilo nilikuwa nimepewa hospitali. Wanja sikutia; bila kope macho yalikuwa yakitoka machozi na kuingiwa na vumbi kwa upesi. Nilikaa kwenye mkeka na wenzangu, nikapiga vigelegele, nikaitikia vugo, nyimbo zetu za arusi, mpaka sauti ikakauka. Waliojua walijua. Mama mmoja mtu mzima alinijia sikioni akaniambia kwamba na yeye alipita njia hii zamani, akamficha kila mtu isipokuwa mumewe. Tumekuwa tukizuriana tangu siku hiyo.

Sasa madhara mengine. Kichefuchefu kwanza, na kwangu mimi kilikuja kwa mlango wa pua. Udi, ambao nimezaliwa ndani yake, ulinigeuka. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu nilitapika. Ilibidi niwaombe majirani wa ukuta mmoja wapunguze kufukiza siku za karibu na dripu, na waliitikia bila manung'uniko, Mungu awalipe. Vidonge vya ondansetroni vilisaidia sana nilipovimeza kwa saa, si kungoja mpaka nitapike. Lakini vinafunga choo, na hilo laweza kuwa taabu kubwa kuliko kichefuchefu chenyewe: papai, maji mengi, na kutembea ukumbini kidogo kidogo. Dawa nyingine ya kuzuia kutapika, deksamethasoni, ilininyima usingizi mpaka daktari aliponielekeza niimeze asubuhi. Chakula nilikula kikiwa kimepoa, kwa kuwa kilichopoa hakina harufu kali. Uji wa mchele wenye tangawizi, viazi vya kuchemsha, mkate na dafu. Samaki alinichukiza kwa miezi, jambo la ajabu kwa mtu wa kisiwani.

Vidonda vya kinywa vilikuja baada ya dripu ya pili. Nilisukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Mswaki laini wa mtoto. Pilipili, ndimu, achari na ukwaju niliviweka mbali, na dawa za dukani za kusukutua zenye spiriti pia, zinachoma bure. Kachumbari na mboga zisizopikwa niliziacha kwa sababu ya vijidudu, na maji ya kunywa tuliyachemsha, yawe ya kisima au ya chupa kubwa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili si la urembo. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na homa wakati huo si homa ya kufunikwa shuka. Kipimo ni nyuzi 38. Ikifika hapo unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, wala usimeze panadoli kwanza, kwa sababu itashusha joto na kuficha hatari huku maradhi yanaendelea. Nilinunua kipimajoto kabla sijanunua kofia. Usiku mmoja kilisoma 38.4, na jamaa waliokuwepo wakasema tungoje kupambazuke, mvua ilikuwa kubwa. Mume wangu hakungoja. Tulikwenda taratibu vichochoroni, nikiwa na barua ya daktari wa saratani inayosema niko kwenye kemo na dripu ya mwisho ilikuwa lini. Barua hiyo ikae mkobani daima. Hapa Amu walipoisoma hawakunikalisha foleni. Damu ilipimwa na antibiotiki ya mshipani ikaanza kabla ya alfajiri.

Safari nayo ni ugonjwa peke yake. Mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa. Kwenda si kitu. Kurudi na dawa mwilini ndiko kunakoua, kwa hiyo nilikaa kwa shangazi yangu Mji wa Kale siku kadhaa mpaka kichefuchefu kishuke, ndipo nikapanda basi, kiti cha mbele, mifuko ya plastiki na kipande cha tangawizi mkononi. Asiye na jamaa huko na aulize mapema hospitali kuhusu pa kulala, asingoje siku yenyewe.

Dawa ya awamu ya pili ilikuwa paklitakseli. Hii haikunitapisha, lakini iligusa neva: vidole vya mikono na miguu vikafa ganzi, vikichoma usiku. Katika mji wa ngazi za mawe na vichochoro vyenye mashimo, mguu usiohisi ni hatari. Nilivaa viatu vya kufunga hata ndani, na tochi kila nitokapo baada ya magharibi. Kufunga vifungo vya nguo nilishindwa, mwanangu akawa anavifunga. Mwambie daktari mapema ganzi ikizidi, maana wanaweza kupunguza dozi; usivumilie kwa kudhani ndiyo kawaida. Kucha zilibadilika rangi, na hina niliiacha kwa muda kwa sababu wauguzi hutazama kucha na kubana kile kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni.

Mkono wa upande uliopasuliwa sichotei maji kisimani, sipimwi presha, sitolewi damu. Unaweza kuvimba hata miaka baadaye, kwa kuwa tezi za kwapani zilitolewa.

Ramadhani ilinikuta katikati ya matibabu. Sikufunga. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, lakini kula mchana nyumba yote imefunga kulinitoa machozi, sitaki kusema uongo. Mama akawa anakaa na mimi chumbani wakati wa chakula, mwenyewe amefunga, akinisomea. Miti shamba niliyoletewa sikuinywa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuniambia inavyochanganyika na dawa zile. Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani zilizoandikwa sahanini, nilikunywa, maji yake yamechemshwa.

Nywele zilianza kuota wiki chache baada ya dripu ya mwisho, kwanza manyoya, kisha za kweli, nyeusi zaidi na zenye mawimbi ambayo sikuzaliwa nayo. Asmini zimerudi, udi umerudi. Vidonge vya tamoksifeni ningali nameza kila siku, na nitameza kwa miaka, kwa kuwa saratani yangu ilikuwa ya kulishwa na homoni. Vinaniletea joto la ghafla, shingo yote yalowa, na nywele za mbele zimekuwa nyembamba, jambo ambalo dawa hii huwafanyia baadhi yetu. Nimemwambia daktari. Tumezungumza, na vidonge naendelea navyo. Kofia mbili za pamba bado ziko kabatini.