Tebo yenye data haifutwi eti kwa sababu bado ni development

Hapa Dodoma kuna vijana tunapiga nao kazi, kila skima (mpangilio wa tebo za databesi na kolamu zake) ikibadilika jibu lao ni moja tu: drop tebo, yaani ifute na data zake, tengeneza upya, si bado tunajenga bwana. Mimi hilo silikubali. Mfumo wenyewe ni wa kupokea zabibu, na karani ameshaingiza wakulima wa Hombolo na Mpunguzi kutoka kwenye daftari, sasa ukifuta nani atamwambia dada wa watu aanze upya na msimu wa mwezi wa nane huo unakuja? Sio mimi.

Chukua hii kolamu ya uzito. Iliwekwa kama maandishi, kwa hiyo ndani kuna "25", kuna "25kg", kuna "25,5" na mmoja kaandikiwa "kreti 2". Ukikurupuka kuigeuza iwe namba PostgreSQL, databesi tunayotumia, inagoma ikifika kwenye hiyo "25kg", na afadhali igome. Sisi tunaongeza kolamu mpya uzito_kg inayoruhusu null (kubaki tupu), maana NOT NULL (lazima ijazwe) bila default, yaani thamani ya kujaziwa yenyewe, kwenye tebo yenye rekodi tayari inakataliwa, halafu fomu ianze kuandika kwenye mpya na amri ya UPDATE ihamishe za zamani zinazosomeka, mkato unageuzwa nukta, "kg" inakatwa. Zinazobaki null ndo unakaa na karani na daftari lake, hizo kreti 2 zilikuwa kilo ngapi yeye ndo anajua, regex (kanuni ya kuchambua maandishi) haiwezi kukwambia. Zikiisha ndo unaweka NOT NULL. Kolamu ya zamani iache kwanza, haili ugali wa mtu.

Na yote hayo yanakaa kwenye faili la maigresheni (hatua za kubadili skima zilizoandikwa) linaloingia git, panapotunzwa historia ya mafaili, pamoja na code ya mfumo, sio mtu anafungua pgAdmin, programu ya kuendeshea PostgreSQL, usiku anabadilisha kwa mkono halafu asubuhi kwa mwenzake kila kitu kimekufa. PostgreSQL unaweza kuizungushia BEGIN (amri ya kufungua transaksheni), ikikwama katikati unarudisha yote, ila databesi ya MySQL usijidanganye, ALTER TABLE (amri ya kubadili tebo) inajikomiti hapo hapo, hairudishiki.

Kubadili jina la kolamu ndo kuna mtego. Django, fremuweki ya Python inayokuandikia maigresheni, inakuuliza kama umebadili jina, ukijibu hapana kwa haraka zako inaandika kufuta ya zamani na kuweka mpya tupu, kwa hiyo faili lisome kabla hujaliachia. Halafu pg_dump (nakala ya akiba ya databesi) kabla ya yote, na hiyo dampu irudishe kwenye databesi ya pembeni uhesabu wakulima wametimia.