Unakatakata

Saa mbili na robo usiku, Jumanne, nafundisha Kiswahili kwa video ya mtandaoni, niko katikati ya kueleza kwa nini hadithi huanza na "alikuja", kisha yakafuata "akakaa, akala, akalala", uso wa mwanafunzi wangu ukaganda. Jicho moja limefumba, mdomo umeachama. Nikahesabu mpaka ishirini. Aliporudi alikuwa keshafika nusu ya anachotaka kusema, nami nikadaka mkia tu: "...Mwalimu, unakatakata."

Nilicheka mpaka hasira ikanitoka. Mama huyu anaishi Seattle, Marekani. Mwanawe ameoa Moshi, naye ameapa hatakwenda kwa wazazi wa mkamwana wake akiwa na mkalimani. Wiki iliyotangulia tulifanya vitenzi vya kurudufu: kucheka na kuchekacheka, kutembea na kutembeatembea. "Kata" sikumpa mimi. Kaliokota mwenyewe, kalirudufu, kanitupia. Sisi tunakatakata vitunguu, lakini ningemsahihisha kwa uso gani? Kicheko changu nadhani hakikumfika, maana aliganda tena.

Vitabu vingetaka tuseme mtandao unakatika. Mtaani tunasema unakata, unasumbua, umegoma, umelala. Wangu hapa Goba, Dar es Salaam, nilikuwa nimeupa neno lake: unasuasua. Ungekufa kabisa ningejua moja, ningeenda kulala. Huu unakupa nusu neno, unakunyima nusu, na vijiti vya netiweki pale juu vimejaa kama kawaida.

Faiba haijafika kichochoroni kwetu. Ninachotumia ni ruta ya 4G yenye laini ndani, kifurushi cha mwezi mzima, imekaa juu ya kabati la televisheni kwa sababu pale ndipo ilipo soketi. Kwa miezi kadhaa niliilaumu mvua. Pasipokuwa na mvua nililaumu kampuni. Huduma kwa wateja wakipokea, dada mwenye sauti ya upole ananiambia nizime ruta, nisubiri dakika tano, niwashe. Mara nyingine ilisaidia kweli, na hilo ndilo lililonipoteza zaidi, maana nikaamini ugonjwa uko ndani ya kile kiboksi.

Mpwa wangu akaja likizo kutoka Dodoma, chuoni. Siku ya pili akanikuta nimeishika ruta mkononi naizungusha sebuleni kama mtu anayetafuta kibla.

"Mjomba, unaangalia nini?"

"Vijiti."

"Vijiti vinakudanganya, mjomba."

Akafungua kompyuta, akaandika 192.168.8.1 pale tunapoandika anwani za tovuti, akaingiza neno la siri lililobandikwa chini ya ruta. Miaka miwili nimeishi na kile kibandiko sijawahi kukisoma. Ndani kulikuwa na ukurasa wa namba ambao kampuni haikunitajia hata siku moja. Namba ya kwanza, RSRP, nguvu ya mawimbi yanayotufikia kutoka mnarani: -112 dBm, ndicho kipimo chake. Ya pili, SINR, usafi wa mawimbi hayo: 1.

Mimi ni mwalimu wa lugha, hasi 112 ilinichanganya. Akanielewesha kwa deni: anayedaiwa 80 ana nafuu kuliko anayedaiwa 112. Ukiwa kwenye themanini na kitu unakula raha, mia unajikongoja, mia na kumi na kuendelea unaomba Mungu. Halafu hesabu yake haiendi kama ya dukani. Ukipanda kumi, nguvu imeongezeka mara kumi. Ukipanda ishirini, mara mia.

SINR nilielewa haraka zaidi kwa sababu nimewahi kukaa jirani na kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya muziki usiku kucha. Mtu anaweza kukusemesha kwa sauti kubwa tu na usimsikie, kwa kuwa singeli imemfunika. SINR ni kiasi ambacho sauti ya mnara wako inaizidi kelele. Ikifika 20 unasikia kila herufi. Ikiwa 1, mnara na kelele vinakaribia kulingana, na ruta inabaki kusema "eti?" na kurudiwa, "eti?" na kurudiwa. Nikamkumbuka mama wa Seattle na mdomo wake wazi.

Mke wangu alikuwa na kaunta buku la vikoba lililobaki kurasa nyingi. Nikaliomba. Tukachora mistari: tarehe, saa, mahali ruta ilipo, RSRP, SINR, kasi ya kushusha, muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Wiki tatu nikaandika, mara nne kwa siku, na kuna usiku niliamka kwa ajili hiyo peke yake. Mke wangu alisema hata alipojifungua sikuamka hivyo. Sikujibu.

Sehemu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya tangi la maji.

Akili ilinituma kwamba juu ndiko kuzuri. Bati linazuia mawimbi, matofali yanazuia, nondo za madirishani zinazuia, basi tutoke nje ya vyote. Tukavuta ekstensheni, mpwa akapanda mnara wa tangi na ruta kwapani, mimi chini na kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. RSRP ikaruka: -88! Nikapiga kelele, jirani akachungulia. Kutoka -112 mpaka -88 ni zaidi ya mara mia mbili. Nikapima kasi nikitarajia maajabu. Mb 3 kwa sekunde. Nikapima tena: Mb 2 na nusu. SINR ilikuwa 2.

Ilinichukua muda kukubali alichonieleza kijana akiwa bado kakumbatia tangi. Goba ni vilima na mabonde. Kule juu ruta yangu haikuuona mnara wetu peke yake, iliiona pia ya upande wa Madale, ya upande wa Makongo, na mwingine wa bondeni ambao sijui uko wapi. Minara ya 4G ya kampuni moja kwa kawaida inatumia masafa yaleyale, kwa hiyo mnara ambao si wako haukusaidii, unakupigia kelele. Kwenye ukurasa wa namba kulikuwa na kitambulisho cha mnara ulioshikwa, nacho kilikuwa kinabadilika kila baada ya dakika chache, huku, kule, huku. Nilikuwa nimejitafutia nguvu na kupata wazungumzaji wanne kwa mpigo.

Tukashuka. Mahali palipofaa, baada ya kuzunguka nyumba nzima, palikuwa dirisha la chumba cha watoto, upande wa mashariki, urefu wa kifua. Pale RSRP ilikuwa -96 tu, lakini SINR 14. Dirisha linautazama mnara mmoja, na ukuta wa nyuma wa nyumba, ukuta niliokuwa nautukana kwa unene wake, unaizuia ile mingine. Tangu siku hiyo ruta iko pale, nyuma ya pazia. Siku za mwanzo ilizima kila saa tatu asubuhi mpaka nikagundua jua linaichoma. Nikaikingia kipande cha boksi la maziwa, ikatulia.

Mvua nayo niiombe radhi. Nilikuwa na uhakika na mvua kuliko jambo lolote. Daftari likaonyesha siku za mvua kubwa RSRP ikishuka tatu au nne, basi, na hata hizo nadhani ni za mwembe wa jirani uliosimama kati yetu na mnara, majani yakilowa. Mawimbi ya simu hayashtushwi sana na matone. Ule mtindo wa kulaumu mvua tumeutoa kwenye king'amuzi: dishi la setilaiti linapokea masafa ya juu mno, huko mvua inaziba kweli, nasi tukaihukumu kwa kosa hilo hata pasipohusika. Mvua ikinyesha jioni kinachotokea ni kwamba watu wote wa kilimani wamo ndani na simu mkononi. Na umeme ukikatika pia, mnara unabaki na betri zake au jenereta, ambazo nazo zina mwisho.

Bado darasa la saa mbili likawa linasuasua, safari hii kwa namna nyingine. Picha haigandi ghafla, inachelewa. Nauliza swali, jibu linakuja nikiwa nimeshauliza la pili. Kijana akanionyesha kupima kwa vipande. Kwanza kutoka kompyuta mpaka kwenye ruta: milisekunde 3, hapo hapana ugomvi, Wi-Fi nzima. Kisha kutoka kompyuta mpaka 8.8.8.8, seva ya Google inayojibu kila anayeigonga: milisekunde 1,400. Kawaida yetu haizidi mia na kitu.

"Kuna mtu anapandisha kitu, mjomba."

Binti yangu alikuwa ametoka kwenye mahafali ya shule, simu yake ina picha na video kama mia nne, na simu kwa utiifu wake ilikuwa inazituma zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kila ikikutana na Wi-Fi ya nyumbani. Njia ya kupandisha kwenye 4G ni nyembamba kuliko ya kushusha. Picha zikajaa kwenye ruta, zikapanga foleni, na sauti yangu ya vitenzi ikawa imekaa nyuma yao kama daladala iliyokwama nyuma ya malori. Kasi ukiipima unaiona ipo. Foleni ndiyo huioni. Tukampangia kutuma usiku wa manane, akanuna siku mbili, milisekunde zikarudi 70.

Hapo nikadhani tumemaliza. Lakini kaunta buku lilikuwa na mstari mmoja ambao haukukubali kurekebishwa kwa lolote. Saa kumi na moja alfajiri: RSRP -96, SINR 14, kasi Mb 34. Saa tatu usiku, palepale dirishani, RSRP -96, SINR 13, kasi Mb 2. Nguvu ileile, usikivu uleule, mtandao haupo. Nikaufuatilia siku tisa mfululizo. Kuanzia saa moja jioni unaanza kushuka, saa tatu unafika chini kabisa, saa sita usiku unanyanyuka.

Mnara una kiasi chake, na kiasi hicho kinagawanywa kwa wote walioushika muda huo. Nilipohamia hapa bonde la mbele lilikuwa mihogo. Leo nikisimama dirishani nahesabu mabati mapya ishirini na saba, na kila bati lina watu, na kila mtu ana simu. Kijana alijaribu kuilazimisha ruta ishike masafa ya megahezi 1800 badala ya yale ya chini yanayopenya kuta na kukimbiliwa na kila mtu. Tukapata Mb 5 kwa siku kadhaa, halafu nadhani na wengine wakafika huko. Nilipopiga simu huduma kwa wateja safari hii nilikuwa na namba zangu. Dada akanisikiliza, nikamsikia akiandika. Kisha akaniomba nizime ruta, nisubiri dakika tano.

Nakiri kuna kosa moja sitalisahau, na daftari halikuwepo bado. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilishinda nikihamisha ruta kutoka chumba hadi chumba, nikabadilisha laini, nikairudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, nikapoteza mipangilio yote. Kumbe asubuhi ileile nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuunganisha na dunia zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kuelekea Afrika Kusini, na nusu ya Afrika Mashariki ilikuwa inalia pamoja nami. Ningemuuliza jirani tu, "wewe unapata?", ningejua. Sasa ndilo swali langu la kwanza, kabla ya kugusa kitu.

Nilimwandikia mama wa Seattle nikamweleza yote, kwa Kiswahili chepesi, nikiwa na aibu kidogo. Yeye alipiga hesabu haraka kuliko mimi: saa kumi na moja alfajiri ya Goba kwake ni saa moja jioni, kala, kaosha vyombo. Darasa likahama. Sasa naamka kabla ya jogoo, navaa shati zuri juu na msuli chini, nakaa chumba cha watoto mmoja akikoroma nyuma yangu.

Juzi tulifanya somo zima, dakika hamsini, bila kuganda hata mara moja. Kukatizwa tulikatizwa: kwanza adhana, akataka kujua maneno yake, nikamweleza, halafu jogoo wa jirani, ambaye hana adabu ya kuwika mara moja akanyamaza.

"Huyu," akasema yule mama, akitafuta kitenzi, nikamwacha atafute, "huyu anawikawika."

Mpwa wangu amesharudi chuoni. Kila Jumamosi simu inalia na ujumbe mmoja, uleule.

"Shikamoo mjomba. SINR?"

"Marahaba. 14."