Siku ya bamvua kwenye feri ya Likoni, saa kwa saa

Leo ni siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, bamvua: maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Maji yatajaa kama saa kumi alfajiri, yakupwe kama saa nne asubuhi, kisha yajae tena saa kumi jioni. Mwenye hesabu hiyo kichwani ameshajua siku itakuwaje. Mkondo wa Kilindini, mlango wa bahari kati ya Likoni na kisiwa cha Mombasa, hukimbia kwa nguvu zaidi katikati ya kujaa na kupwa, yaani mnamo saa moja, na saa moja ndiyo saa ambayo Likoni nzima inataka kuwa kisiwani. Siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo, mkondo huwa mlegevu, na hata nahodha mgeni huonekana hodari.

Saa kumi na nusu alfajiri

Feri zinavusha usiku na mchana, kwa hiyo tunachopokea ni chombo chenye joto. Fundi anashuka kwenye injini. Oili haipimwi injini ikiwa inaunguruma. Izimwe, isubiriwe dakika kumi hivi ili oili ishuke kwenye karai, ndipo kijiti kiseme kweli. Kisha anaangalia maji ya kupozea, mikanda, na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika: maji ya ngama yakiwa mengi kuliko jana, kuna mahali panavuja, na hapo hapatafutwi pampu kubwa zaidi, panatafutwa tundu.

Chujio la maji ya bahari ndilo linalotusumbua kuliko yote. Mifuko ya plastiki, mwani na vipande vya kamba huvutwa ndani, maji hupungua, na joto la injini hupanda. Machujio huwa mawili ili moja lisafishwe huku jingine likifanya kazi. Kosa la kawaida ni kulegeza kifuniko kabla ya kufunga vali. Likifanyika hilo, bahari inaingia ndani kwa upana wa bomba.

Juu, mabaharia wanakagua milango. Feri hii haina mbele wala nyuma: kila ncha ina mlango wake, lile bamba la chuma linaloshuka kama daraja. Tunaangalia bawaba, pini za kuzuia, na mipira (mabomba) ya haidroli, hasa pale inapopinda, maana ndipo hupasuka kwanza. Oili ikimwagika sakafuni tunamwaga mchanga kabla ya kutafuta inakotoka. Mtu akiteleza hasubiri uchunguzi.

Saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi

Umati. Waenda kwa miguu hawalipi, magari hulipa, na wote wanafika kwa wakati mmoja. Kanuni ya mlangoni ni kwamba watu na magari hawachanganywi: kundi moja limalize kupita ndipo jingine lianze. Bodaboda inazimwa na kusukumwa. Abiria wa basi wanashuka na kuvuka kwa miguu yao.

Upana wa maji hapa ni kama nusu kilomita tu, lakini leo maji yanakupwa kwa kasi kuelekea baharini. Nahodha anayetoka Likoni anaelekeza ncha ya feri kushoto, upande wa bandari, juu zaidi ya mahali anapotaka kufika, halafu anaacha mkondo umteremshe hadi gatini. Ukiitazama ukiwa nchi kavu utadhani amepotea njia.

Kazi ngumu huanza mlango ukishagusa saruji. Feri haifungwi kwa kamba. Inashikiliwa na injini zake, zikiendelea kuisukuma dhidi ya mteremko wa saruji wa gatini muda wote watu wanaposhuka. Ncha moja imeegemea, nyingine inaelea mkondoni. Msukumo ukipungua upande mmoja, ncha inayoelea inachukuliwa na maji, chombo kizima kinazunguka kama mlango uliobaki na bawaba moja, na kati ya bamba na saruji panafunguka pengo. Ndiyo maana baharia wa mlangoni hamtazami abiria usoni. Anatazama ule ukingo wa bamba, filimbi mdomoni, na ukisogea tu anawazuia watu.

Idadi nayo haina masihara. Tarehe 29 Aprili 1994, hapo jirani Mtongwe, feri iliyojaza watu kupita uwezo wake ilizama na watu 272 wakafa. Geti likifungwa, limefungwa, hata kama aliyebaki nje ni jamaa yako.

Saa nne asubuhi

Maji yamekupwa kabisa. Yameshuka zaidi ya mita tatu tangu alfajiri, na feri sasa inatua chini kabisa ya mteremko, kwenye saruji ambayo jua huiona kwa saa chache tu. Pana ukoga unaoteleza. Tunaukwangua na kupiga brashi kila bamvua, na bado unarudi. Gari dogo lililoshuka chini hukwaruza tumbo pale mteremko unapokutana na bamba. Lipite polepole, magurudumu yakiwa yamenyooka. Trela ndefu za chini ni bora zisubiri maji yapande. Mkokoteni hauteremshwi na hamali mmoja: uzito ukimzidi, unamsukuma yeye.

Hatari nyingine, maji yakikaribia kupwa kabisa, ni kukwama. Lori likisimama karibu na mlango, ncha hiyo inazama na kulalia saruji. Dakika chache maji yakishuka zaidi, feri haitoki. Dawa yake ni kulisogeza lori hadi ncha ya pili, watu nao wahamie huko, ndipo nahodha arudi nyuma kwa nguvu. Kinga yake ni kupanga vizuri tangu mwanzo: mazito yapelekwe katikati, kwenye mstari wa urefu wa chombo, mepesi yajaze pembeni.

Lori linawekewa kabari za mbao chini ya magurudumu. Dereva wa gari dogo anaambiwa: zima injini, weka gia, vuta breki ya mkono. Wengi hufanya moja kati ya matatu. Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma katikati ya maji likatumbukia, na watu wawili wakafa. Mnyororo wa mlangoni huzuia watu. Gari hauliwezi.

Saa sita mchana

Meli ya makontena inaingia bandarini. Redio inatangaza, na feri zote zinabaki gatini. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa kwenye njia nyembamba kama hii, hivyo hakuna anayekatiza mbele yake. Meli moja inatugharimu safari moja au mbili, na foleni ya magari inaonyesha hasara hiyo kwa saa nzima baadaye. Tunakula kwa zamu.

Saa nane

Makabidhiano. Wanaoingia wanaambiwa mafuta yaliyobaki, chujio lililosafishwa, na mpira wa haidroli ulioanza kutoka jasho. La mwisho ndilo husahaulika, kwa sababu feri bado inatembea.

Saa kumi hadi saa mbili usiku

Saa kumi maji yamejaa, bamba limelala karibu sawa na saruji, na kupakia kunakwenda mbio. Hii ndiyo nafasi ya zile trela za asubuhi. Lakini saa moja ikifika, giza limeingia, kisiwa kinarudi nyumbani, na maji yanakupwa tena kwa kasi ileile. Sasa nahodha anayetoka kisiwani anaelekeza ncha kulia. Taa za deki zinamulika chini mlangoni. Zikimulika juu zinampofusha yeye.

Saa nne usiku

Watu wachache, maji chini tena. Deki inaoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi, bawaba zinapakwa grisi, kabari zinahesabiwa. Daima inapungua moja. Kisha kwenye daftari la zamu inaandikwa saa ya kupwa ya kesho: kama dakika arobaini na tano baada ya leo.